Daftari la Simu na Sitara ya Raia

Wasikilizaji wangu wapenzi mlioko Ngara na Biharamulo, na ninyi jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka ambao mawimbi ya redio huwafikia bila ya kuulizwa hati ya kusafiria, nawaamkia. Jioni hii nimekusudia kunena juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona, na wengine hulikuza mno, ilhali wachache hulisema kwa kipimo chake. Nalo ni lile daftari ambalo kampuni ya simu huliandika juu ya kila mteja wake usiku na mchana, na njia ambayo dola hupitia ili kulisoma, na usiri ulioizingira njia hiyo.

Yafaa tubainishe kwanza jambo moja ambalo likikosewa, mazungumzo yote huharibika. Kuna kusikiliza simu, na kuna kusoma kumbukumbu za simu. Anayesikiliza huyapata maneno. Anayesoma kumbukumbu hapati hata neno moja, lakini hupata namba iliyopiga na namba iliyopigiwa, saa na dakika ambayo mazungumzo yalianza, muda yaliodumu, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, na mnara uliopokea mawimbi, yaani upande wa nchi uliokuwapo ulipokuwa ukizungumza. Wapo wanaosikia maelezo haya wakashusha pumzi, wakasema alhamdulillahi, kumbe maneno yetu hayasikiki. Mimi siwafuati katika faraja hiyo. Tumfikirie mwanamke wa kubuni tu, mkaazi wa Murugwanza, ambaye asubuhi ya Jumatatu aliipigia kliniki inayowahudumia wenye virusi vya UKIMWI akazungumza dakika kumi na moja, saa sita mchana akampigia dada yake aliyeolewa Muyinga, jioni akampigia padri wake, na usiku akapigiwa mara tatu na namba ya mwanamume asiye mumewe, asiipokee. Hakuna aliyesikia neno lake, na juu ya hayo mwenye kusoma karatasi ile ameshamjua kuliko mama yake mzazi. Maneno mtu aweza kuyafunika kwa mafumbo, na watu wa mpakani ni mahodari wa mafumbo. Lakini mwendo wa namba hauna fumbo.

Zamani, aliyejua nani kaingia kwa nani na saa ngapi alitoka alikuwa balozi wa nyumba kumi, naye balozi ungemwona amekaa barazani kwake, ungemjua kwa jina na ukoo, ungeweza kumsalimu, kumkwepa, na hata kumlalamikia kwenye mkutano wa kijiji akivuka mpaka wa adabu. Ilhali msomaji wa daftari la simu hana baraza wala sura, wala hujui kwamba alikuwa na haja nawe, wala alimaliza lini.

Daftari hilo halikupata nguvu yake kwa siku moja. Usajili wa laini ulianza mwaka 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaufanya kuwa faradhi, ikaagiza pia kwamba kampuni ziwasilishe orodha za wateja wao kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ili ziwekwe katika hazina moja. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima kwa namba zao za utambulisho, watu wakajua kwamba kifaa nacho kina daftari lake. Kisha tarehe 1 Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na siku ya mwisho, iliyokuwa 31 Desemba, ikasogezwa na Rais John Magufuli hadi tarehe 20 Januari 2020. Tangu hapo namba ya simu imefungwa kwenye kidole cha mtu.

Lakini kidole cha nani? Hapa ndipo wilaya hizi mbili zinapokuwa na habari ambayo Dar es Salaam haina. Mwangalieni wakala wa laini aliyekaa chini ya mwamvuli katika soko la Kabanga siku ya gulio, na mbele yake mzee ambaye tangu utoto ameshika jembe na panga la migombani. Wakala anamwambia aweke kidole gumba, kimashine kinakataa. Mzee anakipangusa kwenye koti, anakiweka tena, kinakataa. Wanajaribu cha shahada, cha kati, mkono wa pili, na kimashine kinaendelea kukataa kwa sababu mistari ya vidole vile imeliwa na mpini wa jembe zamani za kale. Foleni nyuma inaguna. Mwishoni mzee anamwita mjukuu wake mwenye namba ya NIDA, aliyekuwa akichezea baiskeli, mjukuu anaweka kidole chake laini mara moja tu, na laini inasajiliwa. Mzee anakwenda zake na simu inayonena kwa sauti yake na kuandikwa kwa jina la mwingine. Hakufanya hila yoyote. Alitaka tu kupokea fedha anazotumiwa na mwanawe aliyeko Kahama.

Wako na wengine ambao vidole vyao vinasomeka vizuri lakini namba ya NIDA haijatoka, au imechelewa mno, kwa kuwa mtu wa wilaya ya mpakani huulizwa maswali ambayo mtu wa Dodoma hayaulizwi: babu yako alizaliwa wapi, alizikwa wapi, nani anamjua. Wala maswali hayo hayakuzuka bure. Nchi hii imepokea wakimbizi wa Kinyarwanda tangu mwaka 1959, na Warundi tangu 1972. Na mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa takriban siku moja, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaweka kambi Benaco, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani kwa wakati ule. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika Kagera, Geita na Kigoma, na miongoni mwa waliosombwa walikuwamo watu waliooa, wakazaa na wakazeekea huku. Na asidhani mtu kwamba shaka hii huwapata wanyonge peke yao, maana hata Jenerali Ulimwengu, mwandishi mashuhuri wa asili ya mkoa huu wa Kagera na mbunge wa zamani, alitangazwa mwaka 2001 kuwa si raia.

Basi kwa sababu ya vidole vilivyolika na namba zisizotoka, laini za kuazima zimekuwa jambo la kawaida hapa. Mke hutumia laini ya jina la mume, kibarua wa machimbo ya dhahabu Biharamulo hutumia laini ya jina la tajiri wake, na dereva wa bodaboda ana laini aliyoinunua kwa mtu ambaye hamkumbuki. Na juu ya hayo, ukikaa kwenye vilima vya Rusumo au Kabanga, simu yako yaweza kuuacha mnara wa kwetu ikaushika wa Rwanda au wa Burundi wewe umekaa kitini, ukawa umeandikwa katika daftari la nchi nyingine ambayo hukuikanyaga. Aketipo afisa mjini akiisoma karatasi ya namba hiyo, ataona jina lisilo la mwenye simu, na nchi ambayo mwenye simu hakwenda.

Sipendi nieleweke vibaya. Mimi si miongoni mwa wanaotaka polisi wafungwe mikono. Watu wa njia ya Nyakanazi, Lusahunga na Rusumo wanaujua uhalifu kwa macho yao. Wanazikumbuka zama ambazo mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha kupita misituni, kwa kuwa majambazi waliziba barabara kwa magogo wakawavua abiria mpaka viatu. Jambazi naye hutumia simu, na kumbukumbu za simu zimewatia hatiani wauaji na waporaji ambao hakuna shahidi aliyediriki kuwataja. Anayenyang'anywa ng'ombe wake au anayeibiwa fedha za simu anataka namba ya mwizi ifuatwe leo, wala hana nafasi ya kusikiliza hotuba juu ya faragha. Hiyo ni haki yake.

Pamoja na hayo, hata katika kumsaka jambazi, karatasi ile yataka kusomwa kwa hadhari. Mjini minara imesongamana, na mnara mmoja hubeba mitaa michache. Vijijini mnara mmoja huchukua eneo pana lenye vijiji kadhaa, pori na kipande kizima cha barabara kuu. Basi ikisemwa kwamba simu ya fulani ilikuwa chini ya mnara huo saa nane usiku gari lilipotekwa, imesemwa kweli, lakini kweli hiyo inamhusu pia mkulima aliyelala kwake, mwalimu aliyekuwa akisahihisha madaftari, na mkunga aliyeitwa kwa dharura. Mchunguzi mwenye insafu huichukua habari hiyo akaijumlisha na ithibati nyingine. Mchunguzi mvivu huikusanya orodha akaanza kukamata.

Sasa tuiulize sheria. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi, kisha inaiachia sheria iweke utaratibu wa lini na vipi haki hiyo yaweza kuingiliwa. Utaratibu huo ndio unaonishangaza. Chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, polisi anayetaka kuyanasa mawasiliano sharti apate kwanza ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aiendee mahakama aombe amri. Hiyo ni kwa gaidi. Lakini chini ya kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kinacholingana naye, aweza kwa amri yake mwenyewe kumlazimisha yeyote aliye na taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi. Hakimu haonekani katika safari hiyo. Kampuni ya Jamii Media ilikipinga kifungu hicho mbele ya Mahakama Kuu bila kufaulu. Mahakama imesema, nasi twaitii. Lakini kutii hukumu hakumkatazi mtu kuliambia Bunge kwamba sheria halali yaweza kuwa na kasoro. Kwa vile mwenye kutuhumu ndiye huyo huyo mwenye kuidhinisha, nani atakayemwambia kwamba tuhuma yake ni hafifu?

Waweza kuniuliza: je, amri hizo ni nyingi? Hilo ndilo swali ambalo kwetu halina mahali pa kuulizwa. Jibu moja lilipata kutoka hadharani kwa tarakimu, nalo halikutoka Dodoma wala Dar es Salaam. Juni 2014, kampuni ya Vodafone ya Uingereza, yenye hisa kubwa katika kampuni mama ya Vodacom, ilitoa taarifa juu ya maombi ya serikali mbalimbali katika nchi 29 inakofanya biashara. Tanzania, kwa mwaka mmoja, maombi ya kumbukumbu za mawasiliano yalikuwa 98,765. Gawanyeni kwa siku za mwaka, mtapata zaidi ya 270 kila siku, Jumapili na Idi zikiwamo. Na hiyo ni kampuni moja tu kati ya kampuni zetu za simu. Ni idadi kubwa kupita ya nchi nyingi zilizotajwa katika taarifa ile. Huenda mengi ya maombi hayo yalikuwa ya simu zilizoibwa na watu waliopotea, na yumkini yote yalikuwa halali. Lakini maadamu hakuna ofisi ya umma inayotangaza hesabu kama hiyo, raia hana la kupimia. Ni aibu kidogo, nami nasema kidogo kwa adabu ya redio, kwamba Mtanzania alipashwa habari ya nyumba yake na mfanyabiashara wa ng'ambo.

Na ng'ambo huko huko ndiko ilikotoka habari ya pili, iliyo nzito zaidi. Tarehe 7 Septemba 2017, Tundu Lissu, wakati ule mbunge wa Singida Mashariki, alimiminiwa risasi nje ya makazi yake Dodoma, akapelekwa Nairobi na baadaye Ubelgiji akiwa baina ya uhai na mauti. Miaka saba ikapita. Ndipo Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza likachapisha yaliyosemwa katika baraza la kazi la London, ambako Michael Clifford, askari wa zamani wa London aliyekuwa mpelelezi wa kampuni ya Millicom, mmiliki wa kampuni ya simu ya Tigo wakati ule, alidai kwamba tangu Agosti 2017, majuma mawili na ushei kabla ya shambulio, Tigo ilikuwa ikiipa serikali kumbukumbu za simu za Lissu na mahali alipo, usiku na mchana, na kwamba yeye aliachishwa kazi kwa kulihoji jambo hilo. Kampuni ilipinga dai lake la kuachishwa. Mimi si hakimu, wala siwezi kuunganisha daftari na bunduki pasipo na ithibati ya kuviunganisha, na waliofyatua risasi zile hawajafikishwa mbele ya mahakama yoyote. Ninachokishika ni hiki: mwenye simu alitimiza miaka saba bila ya kuambiwa na mtu yeyote wa nchi yake kwamba nyayo zake zilikuwa zikihesabiwa, na lau mtu mmoja asingegombana na mwajiri wake huko London, asingejua hata leo.

Hapo ndipo lilipo neno langu la jioni hii. Siri ya upelelezi ina muda wake. Mwindaji hapigi ngoma porini, na hakuna mwenye akili atakayetaka mtuhumiwa aarifiwe asubuhi kwamba jioni namba yake itafuatwa. Lakini windo likiisha, likipatikana au lisipopatikana, siri ile haina kazi tena ila kumsitiri aliyekosea. Wenzetu wa kusini wameliona. Tarehe 4 Februari 2021, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri lililoletwa na waandishi wa kituo cha habari za uchunguzi cha amaBhungane baada ya mwenzao Sam Sole kunaswa simu zake, iliamua kwamba sheria ya nchi hiyo ina kasoro kwa kuwa haimpi mtu habari baada ya kuchunguzwa, ikaweka sharti kwamba ndani ya siku 90 tangu amri kwisha muda wake, aliyechunguzwa aarifiwe, isipokuwa jaji akiridhika kwamba kuna sababu ya kungoja. Hata Ulaya, ambako tumezoea kudhani mambo haya yaliamuliwa zamani za Nuhu, ilikuwa Agosti 1984 tu ndipo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipomwambia mfanyabiashara James Malone kwamba kuwapa polisi orodha ya namba alizozipiga, bila ridhaa yake na bila sheria iliyo wazi, kulimdhulumu. Na Marekani, nchi ijisifuyo kwa uhuru, ilikuwa ikizizoa kumbukumbu za simu za mamilioni ya wateja wa kampuni ya Verizon kwa amri ya mahakama ya siri, mpaka Edward Snowden, aliyefanyia kazi idara yao ya ujasusi, alipoivujisha amri hiyo Juni 2013; na miaka miwili baadaye Bunge lao likaukomesha mzoo huo.

Kwetu haikosekani hatua. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Tunayo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Lakini zote mbili, zikifika kwenye mlango wa usalama wa taifa, huvua viatu na kusimama nje, na nyuma ya mlango huo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ingali macho. Mbunge akitaka kurekebisha hana haja ya kubomoa nyumba. Amri ya kutoa kumbukumbu itiwe saini na hakimu, maana Ngara na Biharamulo zote zina Mahakama ya Wilaya, na ikiwa jambo ni la kufa na kupona, polisi aanze na hakimu athibitishe baada ya saa chache. Mchunguzwa aarifiwe mambo yakiisha. Na hesabu itangazwe kila mwaka kwa tarakimu, bila ya majina.

Nanyi wasikilizaji, usiku huu huu, pigeni *106# muangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lenu, na ile msiyoijua mkaifunge kwa wakala, maana litakaloandikwa juu yake litasomwa kama lenu. Na aliye na laini ya kuazima aanze kudai namba yake ya NIDA kwa barua, abaki na nakala yenye mhuri. Kisha, wakati wa mkutano wa Bunge la bajeti, mwandikieni mbunge wenu, wa Ngara na wa Biharamulo, amsimamie Waziri wa Mambo ya Ndani kwa swali hili moja lisilohitaji siri yoyote kujibiwa: mwaka uliopita, Jeshi la Polisi liliomba kumbukumbu za simu za raia wangapi, na katika hao ni wangapi waliofikishwa mahakamani?